Asili ya Thumni na Sudusi

Mwaka 1955 jirani yangu wa Temeke, Bi Mwamvita, aliniletea barua nimsomee. Ilitoka chuo kikuu alikokuwa akisoma mwanawe Jamali, chuo ambacho sitakitaja, wasije wakasema mimi Avelina nawachafulia jina. Jamali alikuwa amepata kumi na tisa kwa mia katika hesabu za mwaka wa kwanza. Alipewa likizo hiyo moja ajiandae kurudia mtihani. Akishindwa, asirudi tena. Chini kabisa mwalimu wake alikuwa ameongeza kwa mkono: "Hana msingi, wala haelekei kuupata."

Haelekei! Mtu anaandika maneno hayo juu ya mtoto wa mwenzie, kisha anakwenda zake kunywa chai.

"Mlete kwangu," nilimwambia Bi Mwamvita. Mie nilikuwa nafundisha hesabu watoto wa darasa la nne, chuo kikuu sikuwahi hata kukiona, lakini hasira zilikuwa zimenipanda.

Jamali akaja na madaftari yake, mwandiko mzuri, x na y kila ukurasa. Nikarudi naye nyuma, nyuma zaidi, mpaka nikamwandikia moja juu ya nane, ongeza moja juu ya sita. Akajibu upesi: mbili juu ya kumi na nne.

Kijana wa chuo kikuu! Nikajizuia nisimkaripie. "Nani kakufundisha hivi?"

"Shuleni tulipewa kanuni kwa Kiingereza, mwalimu, tukazikariri. Ukiuliza kwa Kiswahili unachapwa. Mie nikaacha kuuliza."

Miaka yote hiyo, walimu wote hao, na hakuna hata mmoja aliyejisumbua kutazama mtoto anajumlishaje. Fimbo ndiyo waliyoijua.

Wiki nzima nilikata mikate vipande, nikachora maduara. Wapi! Alikuwa akiitikia tu kwa adabu, na siku zinakwisha.

Ndipo Bi Hamisa, mjane wa mtaa wa pili, akapita barazani kwangu. Mumewe alikuwa ameacha minazi arobaini na minane, mama yake mzazi na mtoto mmoja wa kiume, na mashemeji walikuwa wakimzungusha mjane wa watu.

"Jamali mwanangu," alisema, "marehemu babu yako ndiye aliyekuwa akitugawia mirathi hapa, nawe ulikuwa humwachi mguu. Hebu niambie, changu kipi?"

Jamali hakushika hata kalamu. "Mke ana thumni, minazi sita. Mama wa marehemu ana sudusi, minane. Iliyobaki ya mtoto, thelathini na minne."

Nikaruka kutoka kitini. "Sudusi ndiyo nini?"

"Sehemu moja ya sita, mwalimu. Na thumni ni moja ya..." Akalitazama daftari lake.

"Ya nane," nilimalizia. "Sasa sahau minazi. Thumni na sudusi, jumla yake?"

"Kwanza unatafuta asili, namba inayogawanyika kwa nane na kwa sita. Ishirini na nne. Thumni ni tatu, sudusi ni nne. Saba katika ishirini na nne."

Nilipiga meza mpaka wino ukamwagika. Hana msingi! Alikuwa nao tangu ana miaka kumi, kapewa na babu yake kwa lugha yake, wakaukalia wao na Kiingereza chao.

Tangu siku hiyo, kila nilipomwekea x na y nilimwuliza neno moja: "Asili yake ipi?" Likizo ilipokwisha, mimi ndiye niliyekuwa nikihema kumfuata.

Alirudi, akafanya mtihani, akapata sabini na moja. Hawakuamini. Walimwambia hakuna anayepanda hivyo kwa likizo moja, lazima kaibia. Wakamfungia chumbani peke yake na karatasi mpya, wasimamizi wawili wakimkodolea macho. Akapata sabini na sita. Wakamwacha abaki chuoni, na neno la samahani halikuwatoka.

Bi Mwamvita alipiga vigelegele, akapika pilau, akaalika mtaa mzima. Mie pilau ile sikuisikia ladha. Niliketi nikamwandikia yule mwalimu, kwa Kiingereza chake, asipate pa kusingizia. Nilimwuliza swali moja tu: ile kumi na tisa, mbona uliiamini mara ya kwanza?