Dada Si Kabati

Kazini walimwita Winchi, maana aliinua peke yake mzigo wa watu wawili. Alikuwa mbebaji wa vyombo vya watu wanaohama: vitanda, majokofu, makabati ya milango mitatu. Asiyejua kazi hulivuta kabati. Anayejua hulikumbatia, akalibana kifuani, akageuza uso pembeni lisimchune pua, kisha akapanda nalo ngazi akipapasa kila kidato kwa unyayo. Kwa miaka ishirini Winchi alikumbatia mali za mtaa mzima. Watu, hapana. Kwao walisalimiana kwa mkono, tena mkono wenyewe wa haraka.

Sasa dada yake, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, alikuwa wiki ya tatu hospitalini. Kiharusi kilikuwa kimemlegeza upande wa kushoto. Angeweza kurudi nyumbani Ijumaa kwa sharti moja: nesi amwone Winchi akimtoa kitandani na kumweka kitini salama. Akishindwa, dada atapelekwa kwenye nyumba ya wasiojiweza, mbali, na hakuna aliyejua kwa muda gani.

Alhamisi mchana walijaribu. Winchi alikuja na mkanda wake mpana wa kubebea majokofu, akaanza kuupitisha mgongoni mwa dada.

"Wewe!" dada akang'aka. Mdomo ulikuwa umepinda kidogo, lakini ukali wake ulikuwa mzima. "Unanifunga kwani nahamishwa nyumba?"

"Dada, mkanda huu haujawahi kuangusha kitu."

"Na hivyo vitu viliwahi kukuambia vinaumia?"

Mgonjwa wa kitanda cha pili alicheka mpaka akakohoa. Nesi akauchukua mkanda, akautundika mlangoni.

"Kaka, hapa hakuna mkanda. Mwelekee. Goti lako lizuie goti lake legevu. Mzungushie mikono, naye akuzungushie wake ulio mzima. Bembeeni pamoja, ya tatu, mnanyanyuka."

Winchi akamshika kama alivyojua: akambana, akageuza uso ukutani. Dada akakakamaa kama ubao. Mkono wake mzima ulibaki umeng'ang'ania shuka. Wakainuka kidogo, wakarudi kitandani, puu!

"Dada yako hataki kushika," nesi alisema kwa upole. "Asiposhika, kesho siwezi kutia sahihi."

Nesi akaondoka. Winchi akatoa daftari la darasa la jioni. Alikuwa amejiunga mwaka ule, ana miaka arobaini na mitatu, na mwalimu alikuwa amewataka waandike maneno ya kushikana kwa upendo, waeleze yanavyotofautiana.

"Soma nisikie," dada akaamuru.

"Kukumbatia: kumzungushia mtu mikono."

"Hilo jepesi. Hata mnafiki hukumbatia. Endelea."

"Pambaja: ya watu waliopoteana muda mrefu."

"Eeh. Hiyo ina kelele na machozi, na kuulizana umenenepa lini."

"Kufumbata."

"Ni ya kitu kidogo kinachoweza kukuponyoka. Kifaranga, au kidole cha mtoto barabarani."

"Kupakata nimeacha wazi. Si kukumbatia tu?"

"Sivyo hata kidogo! Anayepakata lazima aketi. Ameacha shughuli zake zote, mapaja yake yamekuwa kitanda cha mtu. Ulipougua surua ulikuwa na miaka mitatu, mimi kumi na mitano. Nilikupakata siku nne. Ukanitapikia, ukanikojolea, na mimi palepale."

Winchi hakuwa amewahi kusimuliwa hayo. "Majirani waliingia wakakuona hivyo? Hukuona aibu?"

"Aibu ya nini? Ulikuwa wangu."

Winchi akaweka kalamu chini. "Basi na wewe ni wangu, Dada. Mbona unaona aibu?"

Dada akageukia dirisha. Akasema, "Mimi mzito, mdogo wangu. Nanuka wodi. Leo utanibeba, kesho utanibeba, keshokutwa utanichoka."

"Nimebeba piano mpaka ghorofa ya nne nikiwa nimefunga kula."

"Piano haichoshi kama mgonjwa."

"Kweli. Lakini pia haikunipakata siku nne."



Ijumaa asubuhi nesi alikuja na fomu yake. Winchi akaomba kimoyomoyo, akasogea. Safari hii hakugeuza uso. Aliweka shavu lake kwenye shavu la dada, upande ule uliolegea.

"Dada, naanza."

Mkono mzima ukasita juu ya shuka. Kisha ukapanda, ukapapasa mgongo wake, ukakamata shati lote konzi moja. Wakabembea: moja, mbili, tatu. Wakasimama.

"Vizuri sana," nesi alisema. "Mketishe sasa."

Winchi hakusogea. Alifumba macho, akaanza kusema kwa sauti: asante Mungu kwa zile siku nne; asante kwa surua, maana bila hiyo asingepakatwa; asante kwa nesi huyu, kwa mguu mmoja ulio mzima, kwa ulimi ambao hata kiharusi kimeuogopa; asante kwa…

"Amina!" dada akamkatiza sikioni, bado amelikamata shati. "Bwana ameshasikia. Niketishe basi, nisije nikaanguka ukaanza kumshukuru kwa hilo pia!"