Macho Mekundu, Macho ya Kahawia

Miezi mitatu mfululizo, fundi wa maabara alikuwa akihesabu ndoa za nzi wa matunda. Katika kila chupa alitia jike mmoja na madume wawili kutoka makopo yenye lebo: mmoja wa macho mekundu ya kawaida, mwingine wa macho ya kahawia, aliyezaliwa na hitilafu katika jeni moja. Dume akimpanda jike, fundi aliandika rangi ya macho yake.

Mtafiti aliyemwajiri alikuwa binti wa dada yake. Alitarajia wenye hitilafu washindwe vibaya, lakini daftari lilisema nusu kwa nusu. Ripoti ilitakiwa kesho yake. Akavuta kiti, akaketi kando ya mjomba wake.

Ndani ya chupa dume mmoja alimwandama jike, akatikisa bawa, akampanda.

"Yupi huyo?"

"Wa kahawia."

Mtafiti aliinama kwenye lenzi. Macho yalikuwa mekundu pyu.

Chupa ya pili. "Mwekundu," mjomba alisema, upesi mno. Alikuwa wa kahawia.

Mezani palikuwa na penseli za rangi.

"Mjomba, nipe ile nyekundu."

Mkono wa mjomba ulibaki hewani.

"Usinifanyie hivyo, mwanangu."

"Tangu lini?"

"Tangu nizaliwe. Rangi hizo mbili kwangu ni moja. Ningesema, ungenipa kazi?"

"Kwa hiyo ulikuwa unabahatisha? Kesho nasimama mbele ya mkuu wa idara!"

Mjomba alivua koti jeupe, akalikunja. "Mwambie ni mimi."

Mtafiti akabaki peke yake na daftari. Angeliwasilisha lilivyo, nani angejua? Alilifunga, akalifungua, akalifunga tena.

Asubuhi alimwambia mkuu, "Hesabu yote ni bure. Nilimpa mtu kazi ya rangi bila kumpima macho. Kosa langu."

Mkuu alifoka mpaka watu wa chumba cha pili wakanyamaza. Kisha akampa wiki sita, hata siku moja zaidi hapana.

Mtafiti alimpigia mjomba simu arudi. Sasa mjomba alivizia mabawa, na hapo hakuwa na mpinzani; kila aliposema "Amepanda!", mtafiti alisoma macho. Wiki mbili za kwanza hawakuzungumza zaidi ya shikamoo na marahaba.

Wiki ya sita walijumlisha. Katika chupa mia, wekundu walishinda themanini na moja.

"Soma tena," mjomba alisema, "polepole."