Chumba cha Kuonana

"Usimguse mpaka yeye akuguse," afisa ustawi wa jamii alimwambia mama, kama alivyowaambia wote waliowahi kukaa kwenye kile kiti. Mama akaitikia kwa kichwa, akaisukuma mikono yake chini ya mapaja, akaikalia.

Mtoto alikuwa upande wa pili wa mkeka. Amempa mama yake mgongo, anapanga vikombe vya plastiki. Bibi yake, aliyemlea tangu pombe ilipomshinda mama, alibaki nje kwenye benchi. Ndiyo kanuni ya chumba kile: mzazi, mtoto, na afisa mmoja kwenye kona, macho wazi, mdomo kufuli. Ofisini walimwita afisa huyu Dada Kona. Walimtania kwamba siku akiondoka, kona itamlilia.

Yeye asingelia. Moyo wake ulikuwa umekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa vibaya: unaujua upo kwa sababu unauona. Zamani alikuwa akirudi nyumbani na vilio vya watu kichwani. Siku hizi alirudi, akala, akalala. Mama yake mwenyewe alipomuuliza kazi ikoje, alijibu, "Ipo."

Na leo alikuwa anaiacha. Kaka yake, mwenye duka la magodoro, alikuwa amemtengea meza karibu na mlango. "Mdogo wangu," alimwambia, "magodoro hayalii." Akakubali. Kilichobaki ni kwenda kabla duka halijafungwa, waandikiane mkataba.

Hakukuwa na cha kumzuia. Tangu mwanzo alitaka kusomea ualimu; nafasi zilipojaa, karani wa chuo akamwambia ustawi bado kuna viti vitupu. Wenzake waliposema kazi hii ni wito, yeye aliendelea kujaza fomu. Hakukumbuka mtu akimwita.

"Umekuwa mkubwa," mama alisema.

Mtoto akapanga kikombe kingine.

"Darasani unakaa na nani?"

"Na watu."

Mama akamtazama Dada Kona, macho yakiomba msaada. Hakupata. Hakimu alikuwa amesema wazi: mtoto akiendelea kumkataa mama yake, kuonana kusimame. Leo ndiyo ilikuwa mara ya mwisho ya kujaribu.

"Bibi anasema ulikuwa unaumwa," mtoto alisema, bado anavitazama vikombe.

"Nilikuwa nalewa."

"Umeacha?"

"Leo sijanywa. Jana pia."

"Na kesho?"

"Kesho sijaiona bado, mwanangu."

Kwenye kiti kile watu walikuwa wameapa kwa Mungu, kwa macho yao, kwa makaburi ya wazazi wao. Jibu hili Dada Kona hakuwahi kulisikia. Akasubiri moyo wake uguswe hata kidogo. Wapi. Ila aligundua ameinama mbele, viwiko magotini, kwa kutaka kujua mtoto atajibu nini.

Mtoto alivichomeka vikombe kimoja ndani ya kingine mpaka vikawa mnara, akauweka kando. Kisha akageuka, akanyoosha mguu. Mkanda wa kiatu ulikuwa umefunguka.

"Bibi anakazaga sana," alisema.

Mama akaitoa mikono. Akatazama kwenye kona, akapewa ruhusa kwa kichwa. Hapo Dada Kona, ambaye kazi yake ni kutazama, akageuza uso dirishani.

"Inabana?"

"Kidogo."

"Hivi?"

"Hapo."

Muda ulipokwisha, bibi aliingia kumchukua mjukuu. Mtoto hakuaga, alitoka akikanyaga kwa nguvu, kama anayejaribu kiatu kipya. Mama akabaki amesimama, hajui aweke wapi mikono.

"Sasa itakuwaje?"

"Nitamwambia hakimu nilichokiona."

"Akiruhusu tuonane tena, utakuwepo wewe?"

"Nitakuwepo."

Dada Kona aliisikia sauti yake mwenyewe kama ya mtu wa chumba cha jirani. Mama alipoondoka, alisimama kidogo akiisubiri furaha, au hata majuto. Hakuna kilichokuja. Akatoka kwenye korido, akampigia kaka yake.

"Kaka, ile meza mpe mtu mwingine."

"Ebo! Tumeshakubaliana! Huko una nini hasa?"

"Sijui."

"Hujui? Mtu mzima hujui?"

"Sijui, kaka. Naomba nikuage, kuna mtu ananisubiri."

Haukuwa uongo. Kwenye benchi, pale bibi alipokuwa amekaa, sasa palikuwa na baba mmoja. Shati lake limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, na mapajani amekumbatia mpira mpya, bado una karatasi ya dukani.

"Samahani, dada. Kuonana na watoto ni hapa?"

"Ni hapa. Wako hajafika."

"Nimewahi mno, eh?"

"Si neno."

Dada Kona akaketi kando yake. Yule baba akauhamishia mpira kwenye goti la pili ili ampishe, na wote wawili wakautazama mlango wa kuingilia.