Mwalimu Alifika Jikoni Bila Kichwa

Saa nne asubuhi ya Jumamosi, fundi Innocent alivua viatu mlangoni kwa Mzee Mselemu, mfanyabiashara wa alizeti mjini Singida. Akaamkia, akaulizwa habari za kwao Sepuka, akajibu kuwa ni njema isipokuwa mvua. Ndipo akaonyeshwa tatizo.

Nyumba ilikuwa na kompyuta mbili. Ya sebuleni, ya Mzee, ilikuwa kuukuu na ilinguruma kama mashine ya kukoboa, lakini ilionyesha mpira bila kukwama. Ya jikoni ilikuwa mpya, ya binti yake Chiku, aliyekuwa anarudia mtihani wa kidato cha nne. Jumatatu ilikuwa Kemia. Kwa Chiku video ya somo ilizunguka sana, kisha mwalimu akafika shingo na miguu tu.

"Kichwa hakiji kabisa?" aliuliza Innocent.

"Jana kilikuja kidevu, kikarudi."

Innocent aliandika kwenye daftari: kidevu.

Alibadilisha waya. Shingo na miguu. Akahamishia ruta juu ya kabati la vyombo. Shingo na miguu. Akaibeba kompyuta ya jikoni hadi sebuleni, akashika kipanya mwenyewe, na mwalimu akatokea mzima, ana kichwa, ana sauti, ana ubao nyuma yake. Akamkabidhi Chiku kipanya. Kichwa kikaondoka bila haraka.

"Wewe ni mgeni," alisema mama yake Chiku, Bi Sikudhani, aliyekuwa ananyonyoa kuku mlangoni mwa jikoni. "Hapa mgeni hapewi shingo."

Innocent akafunga begi.

"Mzee, vifaa vyote ni vizima. Intaneti yako inapakua kama mnavyopakua kuku. Baba kwanza, kisha mgeni, na watoto wa kike kinachobaki. Shika wewe kipanya, Chiku aangalie pembeni yako. Kichwa kitakuja."

Mzee Mselemu alifikiri.

"Yaani firigisi yangu nimpe yeye?"

"Kwa siku mbili tu, Mzee."

"Fundi, una utani. Leo kuna mechi."

"Baba, mtihani ni keshokutwa," alisema Chiku.

"Ndiyo maana nataka kukusaidia."

Hakuwa mchoyo. Saa hiyohiyo alinunua kifurushi kikubwa mara tatu. Jioni mpira ukawa safi kiasi kwamba jasho la wachezaji lilidondoka kwenye zulia, na Bi Sikudhani akaleta dekio. Jikoni zilifika shingo tatu.

Chiku alisoma alichopakuliwa. Hadi Jumapili alijua kuwa mwalimu huegemea mguu wa kushoto anapofika penye uzito, na kwamba soli ya kulia imeachia. Jumatatu aliandika namba yake ya mtihani vizuri. Swali la kwanza halikuhusu viatu, akaenda la pili.

Siku matokeo yalipotoka, Mzee alikuwa na wageni kutoka Issuna.

"Kompyuta mpya nimemnunulia," aliwaambia. "Kifurushi kikubwa nimemwekea. Ila mtoto hana kichwa."

Wageni walisikitika kwa pamoja, wakasema hata kwao wapo wa namna hiyo. Chiku akaingia na birika na beseni, akapiga goti, akaanza kuwanawisha mikono. Alianza na baba.