Ukoka Uliovuka Mto

Kila asubuhi, kabla ya kuchemsha chai, Emerance aliinama na fagio la njiti akafagia lupango, kiwanja cha nyumba yake mtaani Alunguli, mpaka udongo ukang'aa. Huku Kindu kiwanja cha nyumbani hakiachwi kuota majani. Nyumba yenye majani mlangoni ni ya nyoka au ya mvivu, na majirani wa Emerance hawakuwa watu wa kumeza maneno. Kwa hiyo ukoka ulipotokeza aliung'oa, akauanika, akauchoma moto pamoja na maganda ya mihogo. Ulirudi. Akauchoma tena. Ndivyo alivyofanya tangu vita vilipoisha.

Mumewe, Ismaël, alichukuliwa wakati wa vita. Wenye bunduki walitaka mtu wa kukata majani kwenye nyumba ya zamani ya Wabelgiji, ng'ambo ya mto, alikokaa mkubwa wao, Désiré. Ismaël akaenda na kupekupe yake ya kufyekea majani, akichechemea kwa ule mguu wa kushoto uliopinda tangu alipoanguka na baiskeli. Hakurudi, na maiti yake haikuonekana. Bila kaburi Emerance hakuweza kuondoa matanga. Binti yao, Sandrine, aliolewa akazaa, mama yake bado analala chini kwenye mkeka wa msiba.

Mwaka huu, ukoka ukiwa umerudi tena, Aimé, fundi wa mabati, alipanda juu ya paa kuziba tundu. Alitazama chini kwa muda, akashuka, akanawa mikono kwanza.

"Mama Sandrine," akasema, "baba Sandrine iko analala mu lupango. Mguu njo ile yake."

Emerance akapanda kuangalia. Ukoka ulikuwa umeota kwa umbo la mtu, umelalia ubavu wa kulia, uso umeelekea Kibla, mguu wa kushoto umepinda. Akashuka, akakaa kwenye kipago cha chini cha ngazi. Miaka yote hiyo mume wake alikuwa akirudi nyumbani, naye akimchoma pamoja na takataka.

Kwenye kisigino cha ukoka palitoka shina moja refu. Lilitambaa njiani, likapita katikati ya wauza samaki, likaingia mtoni. Emerance alivuka kwa mtumbwi akilipapasa ndani ya maji. Ng'ambo lilipanda ukingo, likapenya chini ya ua wa Désiré, kwenye nyumba ile ile ya Wabelgiji, na kuishia katikati ya bustani yake.

Siku hizi Désiré anauza mpunga wa Kibombo, na hakuna harusi isiyomwalika. Alimpa mgeni wake kiti na soda. Emerance akamwomba achimbe pale tu shina lilipoanzia, apate mifupa ya kuzika.

"Mama, vita ilikuwa vita," Désiré akajibu kwa upole. "Nikikufungulia weye, na wale wengine watakuja."

Emerance akatazama vizuri. Mashina yalitoka bustanini pande zote, mengine yakielekea Kibombo, mengine yakirudi mtoni kuelekea Pangi. Akamaliza soda yake, akaaga.

Emerance akaamua kuondoa matanga palepale kwenye lupango, akamwita imamu. Imamu alisema majani si maiti. Lakini, akasema, hajawahi kuona majani yanayojua Kibla, basi atasoma dua. Watu wakatandika mikeka kuuzunguka ukoka, na Sandrine akaukunja ule mkeka wa mama yake akautoa nje.

Désiré naye alikuja, kama ilivyo ada ya mtu mkubwa, akileta gunia la mchele. Alikaa mbele, akainua mikono, akaitikia amina kwa sauti. Dua ilipokwisha akataka kusimama, ukoka ulikuwa umemzunguka kifundo cha mguu. Watu wote waliona. Aliinama, akaufungua taratibu, uzi kwa uzi, bila kuukata, kisha akakung'uta suruali. Wali ulikuwa umeshapakuliwa. Akaletewa maji, akanawa, akala na wenzake.