Maji Yakifika Nusu

Fundi cherehani hakuwa amemsalimia shemeji yake vizuri tangu siku ile shemeji huyo aliposhuka mlimani peke yake, bila kaka yake, mume wa fundi. Kwenye misiba na harusi alimpa mkono huku anatazama pembeni. Na ulimi aliokuwa nao, jamani! Mteja amesimama anapimwa kiuno, yeye anasema kwa sauti, "Kuna watu wanawaacha ndugu zao wafe, halafu wanakuja kula pilau ya msiba." Kila aliyekuwemo chumbani alijua anasemwa nani.

Shemeji, dereva wa lori, mtu mpole hadi anakera, maelezo yake yalikuwa yale yale. Maji ya kunywa yalifika nusu ya dumu, akamwambia kaka yake wageuke, kaka akaendelea kuelekea kileleni. Alimwita mpaka sauti ikakauka.

"Hakunisikia, shemeji. Upepo ulikuwa mkali."

Fundi hakuamini hata chembe. Mume mwenye mke na mtoto mchanga aitwe arudi, asirudi? Thubutu! Huyu aliogopa, akamkimbia mwenzake. Fundi akakaa na hasira hiyo mpaka mtoto mwenyewe akawa binti wa kuolewa. Ndipo siku moja akaifunika cherehani na kwenda kwa dereva.

"Nipeleke. Nataka kupaona hapo unaposema ulimwita."

Walianza kupanda kabla jua halijatoka. Mlima ule wa jangwani hauna mti wala majani ya kumficha mjusi. Ni changarawe tupu, ukipanda hatua unateleza nusu yake. Baridi iliwauma masikio, kisha jua likaja kuwakaanga. Huko juu hewa ikawa haba, na magoti ya fundi yakaanza kumkumbusha umri wake.

"Tupumzike, shemeji?"

"Nani kakwambia nimechoka? Pumzika wewe na kitambi chako."

Dereva alicheka kidogo. Walikuwa hawajataniana tangu msiba.

Kwenye bega la mlima akasimama, akatikisa dumu la maji. "Ni hapa. Yamefika nusu, tunageuka."

Fundi akainua macho. Kilele hicho hapo, puani! Mwamba mwekundu, anga, basi. Kitu kilimvuta kifuani, hata hakujua kinatoka wapi. Nifike tu, alijisemea, nililaze kiganja pale juu, nirudi. Miguu ikaanza kwenda.

"Shemeji! Rudi! Maji hayatoshi!"

Upepo ulivuma kwelikweli, lakini alimsikia, neno kwa neno. Akaendelea kupanda. Akamkumbuka binti yake anayemsubiri nyumbani, anayempenda kuliko roho yake. Alimwona wazi kabisa, na bado akapiga hatua nyingine. Na nyingine.

Ndipo alipoelewa anachokifanya. Akageuka. Akashuka akiteleza, akishika mawe, hadi mbele ya dereva.

"Alikusikia," alisema.

Dereva akajifanya anakaza kifuniko cha dumu.

"Alikusikia, shemeji, usinidanganye tena!"

"Alinisikia. Aligeuka, akanipungia mkono, akaendelea." Akaliweka dumu chini. "Ningekwambiaje, shemeji? Ulikuwa na mtoto mgongoni."

Fundi akaketi kwenye changarawe akalia kwa sauti, akimwomba radhi kwa kila neno baya alilowahi kumsema. Dereva akamshika mkono, wakakaa hivyo hivyo mpaka fundi alipopata nguvu za kushuka. Aliposimama, fundi hakuthubutu kutazama juu, maana bado alitaka kwenda.