Nani Aling'oa Kahawa ya Baba

Mimi ni karani wa mahakama ya mwanzo, na kazi hiyo imeniharibu. Siamini tena kwamba jambo baya linaweza kutokea tu. Sahani ikivunjika nyumbani kwangu Lemara, nataka kujua nani alikuwa amesimama wapi. Mume wangu Thomasi husema siku ya kiama nitamshika malaika mlangoni nimhoji kwanza. Kwa hiyo ule ujumbe ulipoingia kwenye simu za watu, wengine walisikitika, mimi nikaanza kuuliza.

Ujumbe ulisema wadukuzi waliingia kwenye Kihamba Jumapili jioni, na kwamba wenye mchezo wanaomba radhi kwa usumbufu. Kihamba ni mchezo wa kwenye simu, ulioanzishwa na vijana fulani wa Olasiti. Unapewa shamba lako, unapanda migomba na mibuni, unafuga ng'ombe, unavuka mpaka kumsalimia jirani. Usipomwagilia jioni, majani yananyauka. Watu wa mlimani waliupokea vizuri mno, hata wazee ambao simu walikuwa wanaitumia kupokea tu.

Baba yangu, Aminieli, alikuwa mmoja wao. Kahawa ya kweli aliing'oa kwa mikono yake, ile aliyoiacha bibi kule kwetu Tengeru, mwaka bei ilipoanguka. Akapanda nyanya. Nyanya zilimlipa msimu mmoja, msimu wa pili zikaoza, na tangu hapo mzee akawa analitazama shamba lake kama mtu aliyemfukuza mgeni halafu akagundua ni ndugu. Kihamba ilipokuja akapanda mibuni upya, mstari kwa mstari, chini ya migomba, kama alivyopanda bibi. Mwaka jana alifariki. Simu ikabaki kwa mama, na kahawa ndani yake.

Mimi kazi yangu ilikuwa kukumbusha. Kila jioni, hata Jumapili, nilimpigia: "Mama, umemwagilia kahawa ya baba?" Naye hujibu ndiyo. Nilikuwa nalala nikijiona binti mwema kweli.

Jioni ya siku ile ya ujumbe, Jumatatu, nikitoka mahakamani, nikapiga kama kawaida.

"Kahawa imeng'olewa," mama akasema.

"Yote?"

"Yote. Udongo mtupu."

"Nani kaing'oa?"

"Si wanasema kuna wezi wameingia?"

Sauti yake ilikuwa tulivu, nikadhani ni mshtuko. Mimi nililia palepale barabarani, mbele ya mama mmoja anayechoma mahindi, naye akanipa kigoda bila kuniuliza kitu. Baba nimemzika, nimekubali. Lakini ile kahawa ilikuwa inaendelea kukua, na kwangu mimi mtu ambaye kahawa yake inakua hajaondoka kabisa. Niliitaka irudi. Na nilimtaka aliyeing'oa, kwa jina lake na la ubatizo.

Kesho yake nikaomba ruhusa, nikaenda Olasiti. Ofisi yao ni vyumba viwili juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na aliyenipokea ni kijana anaitwa Gadiel, macho mekundu, shati la jana. Nilimwonea huruma kwa dakika moja, kisha nikamuuliza kosa ni la nani.

"Dada yangu, hilo swali hapa ndani halina mwenyewe," akasema. "Bosi anasema ni langu, maana wezi wamepita kwenye akaunti ya kazi ninayotumia mimi. Mimi nasema ni la bosi, maana nilimwambia hiyo akaunti ina funguo za kila kitu, tuzigawe, akasema tutafanya baadaye. Wote wawili tunasema ni la wale tuliokodi kompyuta zao. Nao wanasema tusome mkataba."

"Na wezi?"

Akacheka kwa uchovu. "Wezi hakuna anayewataja. Umeona eh? Mtu akiibiwa mbuzi, watu wote wanamgombeza aliyeacha zizi wazi. Mwizi anatajwa mwisho kabisa, kama mvua."

Jibu lile lilinipendeza, ingawa sikwenda pale kupendezwa. Nikamweleza habari ya kahawa. Akafungua kompyuta, akatazama shamba la baba. Akatazama mashamba mengine, akarudi kwa baba.

"Hii ni ajabu," akasema. "Wezi walichukua vitu vya kuuza. Ng'ombe, mbegu, akiba ya maji. Kuna watu wananunua hivyo vitu kwa siri. Lakini kwenu ng'ombe wapo wote, maji yapo, na mibuni ndiyo imeng'olewa. Mbuni uking'olewa kwenye mchezo haumfaidii mtu. Unapotea tu."

Hapo damu yangu ya ukarani ikachemka. Mwizi asiyeiba ni mwizi gani? Huyo si mwizi, huyo ni mtu mwenye kinyongo.

"Paswedi yenu mnaijua wangapi?" Gadiel akauliza.

Nikamtajia. Ilikuwa mstari wa Biblia ambao baba alipewa siku ya kipaimara, kitabu, sura na aya. Kijana akafunika uso kwa mikono.

"Na nyinyi pia. Dada, nusu ya wachezaji wa upande wa Tengeru wametumia mstari wa kipaimara. Ile mistari inasomwa mbele ya usharika mzima."

Sikumwambia kwamba wa baba umechongwa pia kwenye msalaba wa kaburi lake, nyuma ya nyumba, na kwamba siku ya mazishi watu wote waliusoma kwa sauti pamoja na mchungaji. Tumelifungia shamba kwa kufuli ambalo ufunguo wake tuliuimba. Ni kosa la kijinga, na nalijua, lakini sisi tulikuwa tunafikiria neno la kukumbukwa, siyo neno la kufichwa.

Gadiel akanieleza utaratibu wao. Kilichoharibiwa na wadukuzi wangekirudisha chote, wana nakala. Kilichoharibiwa na mtu aliyeingia na paswedi sahihi, hicho ni cha familia yenyewe kumalizana. Kwa hiyo kahawa ya baba ilikuwa inategemea jambo moja tu: nani alaumiwe. Akaniahidi atalisema kwa bosi, na Jumamosi angekuja Tengeru mwenyewe, kwa sababu wachezaji wengi wa pale walitaka kuona sura ya mtu wa ofisi.

Mimi sikuweza kungoja Jumamosi kwa mikono mitupu. Kikulacho ki nguoni mwako, nilijiambia, na nguo yetu ya karibu kuliko zote ni mzee Sifaeli. Alikuwa rafiki wa baba tangu utoto, mashamba yanapakana kwa masale, ile mimea ya mpakani, na hata kwenye Kihamba walichukua mashamba ya jirani. Walipata kipaimara siku moja. Na mwaka baba alipong'oa kahawa ya kweli, waligombana, maana Sifaeli alibaki na yake na hakuacha kumwambia hivyo.

Nikamkuta anakata majani ya ng'ombe.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, Hanna. Umekuja kwa mama?"

"Nimekuja kwako. Pole kwa kuibiwa."

"Ah, wamenichukulia ng'ombe wote wa kwenye simu. Nimewaambia hawa wa kweli waache kuringa, sasa ndio nimebaki nao." Akacheka. Mimi sikucheka.

"Baba mdogo, neno la siri la baba unalijua?"

"Nalijua. Tulisimama pamoja madhabahuni, mstari wangu nimeusahau, wa kwake naukumbuka."

"Uliwahi kulitumia?"

Akaweka panga chini taratibu. "Unaniuliza kama binti wa Aminieli, au kama mahakama?"

Ningesema samahani pale, yangeisha. Badala yake nikamuuliza Jumapili jioni alikuwa wapi. Mzee akaokota panga lake, akaendelea kukata majani akiwa amenipa mgongo. Niliondoka na aibu, lakini aibu yenyewe nikaigeuza kuwa ushahidi: mtu safi angejibu. Ukishataka kumlaumu mtu, hata ukimya wake unautafsiri unavyopenda.

Jumamosi Gadiel akaja kweli, na kompyuta yake mgongoni, viatu vimejaa udongo wa gulioni. Mama alimkaribisha sebuleni, akampa chai ya maziwa na ndizi za kuchemsha, akamuuliza kwao ni wapi na kama wazazi wako hai. Alipokwisha kumjua ndipo akamwacha aseme.

"Mama, nina habari njema," Gadiel akasema. "Bosi amekubali. Paswedi za namna ile tungewakatalia watu tangu siku ya kwanza, hatukuwakatalia, kwa hiyo ni kosa letu. Tunarudisha kahawa ya mzee yote. Ninabonyeza hapa tu."

Nilitaka kumkumbatia. Lakini karani aliye ndani yangu hakuwa ameshiba.

"Rudisha," nikasema, "ila andika na jina la aliyeing'oa. Si mdukuzi. Ni jirani yetu, mzee Sifaeli. Alilijua neno, alikuwa na kinyongo na baba kwa habari ya kahawa, na nilipomuuliza alikosa jibu. Mfungieni akaunti yake."

Mama akaweka kikombe mezani.

"Umemuuliza Sifaeli?"

"Nimemuuliza."

"Sifaeli aliyechimba kaburi la baba yako?"

Mama akafuta mikono kwenye kitenge chake, akamgeukia Gadiel kama vile mimi sipo.

"Kahawa nimeing'oa mimi, mwanangu. Sifaeli msimguse."

Gadiel akatoa kidole kwenye kompyuta. Mimi nilisema kitu, nadhani nilisema haiwezekani, maana ndivyo watu husema.

"Jumapili ile nilitoka kanisani, nikalisha ng'ombe, nikapalilia migomba ya kule chini, mgongo ukanishika," mama akasema. Hakuwa na hasira. "Nimekaa hapo kwenye kiti, simu ikalia. Mama, umemwagilia kahawa ya baba? Nikasema ndiyo. Nilikuwa sijamwagilia. Nikaichukua simu nimwagilie, nikaona mibuni imejipanga mizuri, haina hata kwekwe. Baba yako aling'oa ya mama yake hapo nje, nikalia peke yangu, hakuniuliza. Akapanda ya kwenye simu, akawa anaketi nayo hadi giza, huku migomba napalilia mimi. Amekufa, nimemlilia, Mungu anajua. Halafu na ya kwenye simu nayo nikaachiwa mimi."

"Mama, ungeniambia."

"Nikakuta mahali pameandikwa kung'oa. Nikabonyeza. Simu ikaniuliza, una uhakika? Nikasema ndiyo. Ikauliza tena, una uhakika? Nikasema ndiyo. Hanna, hicho kisimu kimeniuliza mara mbili. Wewe kila jioni umenipigia, na hujaniuliza mara moja kama nimechoka."

Gadiel alikuwa anatazama ndizi zake. Nilikumbuka maneno ya mama kwenye simu, neno kwa neno, maana kukumbuka maneno ndiyo kazi yangu. Hakusema wezi wameng'oa. Aliuliza tu kama si wanasema kuna wezi. Shahidi yeyote akijibu hivyo mahakamani ninamwinulia macho, lakini mama nilimwacha apite.

Gadiel akakohoa. "Sasa mama, nirudishe au nisirudishe? Nakala ipo. Bosi ameshakubali."

"Rudisheni tu, sina ugomvi na kahawa," mama akasema. "Ila amwagilie yeye."

Wote wawili wakanitazama. Simu yangu ilikuwa mkobani. Neno la siri nalijua tangu utoto, mwaka mzima ningeweza kuingia jioni yoyote, nikiwa nimelala kitandani kwangu Lemara, nikamwagilia mwenyewe. Halikunijia hata siku moja. Nikafungua mdomo niseme weka kwangu, nikaziona jioni zangu zilivyo, na kwa mara ya kwanza juma lile nikajijibu ukweli: ingenyauka.

"Usirudishe," nikasema. Iliniuma, sitaficha. Machozi yalinitoka tena, na mama hakunizuia.

"Basi niandike nini kwenye sababu?" Gadiel akauliza kwa upole. "Lazima bosi apate sababu."

"Mwandikie wezi," nikasema. "Yaishe."

"Hapana," mama akasema. "Wezi wana dhambi zao za kutosha, usiwabebeshe na yangu. Mwandike mwenye shamba."

Gadiel akaandika hivyo, akafunga kompyuta, akaaga. Nilimsindikiza hadi kwenye masale ya mpakani. Kule ng'ambo mzee Sifaeli alikuwa kwenye kahawa yake, nikajua kabla ya giza itabidi nivuke nikapige magoti, na kwamba ataniacha nipige kwa muda kabla ya kuniinua. Lakini kwanza nilirudi ndani. Mama alikuwa bado amekaa palepale, mkono mmoja kiunoni. Maswali nilikuwa nayo mengi, nikayaacha yote, nikamuuliza kama amekula.

Hakuwa amekula tangu asubuhi.